Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: mkitubadilishia dawa ya maumivu, tupimeni kwanza

Kwenu Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, waganga wakuu wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, na nyie wote mnaopanga dawa ipi iende hospitali ipi na kiasi gani.

Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa Mwanjelwa Mbeya, nina miaka 33 na nina selimundu, siko seli kama wengi tunavyoita. Naandika leo kwa sababu kipupwe kimeanza, jana asubuhi huku Uyole maji ya bombani yalikuwa hayashikiki, na mimi kipupwe kikianza tu naanza kuhesabu vidonge nilivyobaki navyo kabla hata sijahesabu hela ya kodi.

Nimezaliwa Kyela. Kule ni joto, ziwa, mpunga na mbu, na wataalamu wanasema huu ugonjwa umekaa sana kwenye damu za watu wa sehemu zenye malaria toka enzi za mababu, maana mtu akirithi kinasaba kimoja tu malaria kali inamhangaikia bure, ila akirithi viwili, kimoja kwa baba kimoja kwa mama, ndo anakuwa mimi. Inakadiriwa watoto karibu 11,000 wanazaliwa hivi kila mwaka Tanzania, kwa hiyo siongelei jambo la mtu mmoja. Nilikuja Mbeya nikiwa na miaka 19 kujifunza ushonaji kwa mama mkubwa, nikatoka bondeni kule kama mita 500 nikapanda mpaka huku kwenye mita 1,700 na zaidi, na mwezi wa sita wa kwanza tu nikalazwa mara mbili. Baridi inabana mishipa, chembe nyekundu za damu zinapinda kama ule mundu wa kuvunia mpunga, zinanasa kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyo mbele yake inakosa oksijeni. Maumivu yake sijui niyaeleze vipi. Mama yangu alizaa watoto sita na aliniambia kwa jinsi anavyoniona nikiwa kwenye kraisisi, yaani yale maumivu makali yanapolipuka, heri yeye uchungu wa kuzaa una mwisho unaoujua.

Watu wengi wanajua kraisisi. Wasichojua ni kwamba wengine tuna maumivu ya kila siku pia. Mimi kichwa cha mfupa wa paja la kushoto kimekufa, damu haikufika vizuri kwa miaka mingi, kikalika, kikabonyea, na sasa nyonga inauma nikikaa inauma nikisimama. Nilikuwa natumia cherehani ya kukanyaga kwa miguu nikashindwa, nikanunua ya mota kwa mkopo wa kikundi. Upasuaji wa kuweka nyonga ya bandia nimeambiwa upo ila ni wa hela na wa foleni na bado nasubiri. Kwa hiyo mimi dawa ya maumivu siyo kitu cha kumeza siku nikiugua, ni kama chumvi jikoni kwangu, isipokuwepo hakuna kinachoenda.

Nieleze nimepita wapi maana mkielewa hii safari mtaelewa ninachoomba. Nilianza na panado, ikaja ibuprofeni, ikaja diklofenaki, ya vidonge na ya sindano. Diklofenaki kwa kweli ilinifaa sana, nilishona sare za shule za darasa zima bila kulalamika. Ila baada ya miaka kama mitatu vipimo vikaonyesha protini kwenye mkojo. Daktari wa kliniki wa kipindi kile, mama mmoja mtaratibu sana, akanikalisha akaniambia selimundu yenyewe inachakaza figo, na hizi dawa jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza damu inayoingia kwenye figo, kwa hiyo mimi napigwa kotekote, kuanzia leo usiguse tena. Akaandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu. Akanihamishia kwenye tramado, dawa ya maumivu ya jamii nyingine, miligramu 50 mara nne kwa siku, na panado pembeni kwa kipimo. Tramado nilikaa nayo miaka mitatu na miezi. Haikuondoa maumivu yote, ilinipa mchana wa kufanya kazi na usiku wa kulala masaa matano, na mtu mwenye nyonga kama yangu masaa matano ni mali.

Sasa mwaka jana mwezi wa sita.

Nimeenda kliniki kama kawaida, nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimejifunga blanketi. Faili halionekani. Mfumo nao uko chini. Daktari ni mgeni, kijana, simlaumu hata kidogo, alikuwa na foleni ya watu zaidi ya hamsini nje na hana karatasi hata moja inayonihusu. Nikamwambia mimi natumia tramado. Akaniangalia, akaangalia kompyuta iliyozima, akaandika. Dirishani nikaambiwa tramado hakuna, imekata wiki ya pili sasa, rudi kwa daktari akubadilishie. Nimerudi, nimepanga foleni upya, akabadilisha kwa sekunde kumi tu, nikapewa pakiti ya diklofenaki na panado. Nikasema daktari mimi nilikatazwa hii, figo. Akasema tumia siku tano tu mama haina shida, kisha mgonjwa mwingine akaingia. Ndo hivyo. Miaka mitatu ya dawa moja ikaisha mlangoni pale na mimi nimeshika kitasa.

Diklofenaki sikumeza. Nilirudi nyumbani na panado tupu na vidonge vinne vya tramado vilivyobaki, nikavigawa siku mbili.

Siku ya tatu nikaanza kupiga miayo. Miayo mfululizo mpaka taya zinauma, machozi yanatoka, makamasi, jasho la baridi, vinyweleo vimesimama mwili mzima na miguu haitulii, nikilala inataka kutembea, nikitembea nyonga inagoma. Tumbo likafunguka. Mama mkubwa akasema hii malaria ya Kyela imekufuata, tukapima, hakuna malaria. Usiku wa pili sikulala kabisa, moyo unakimbia, nina wasiwasi kama mtu anayesubiri habari ya msiba, na sijui nasubiri nini. Kuhara kule kukanikausha maji, na mwenye selimundu akikaukiwa maji chembe zinapinda, hilo nyie mnalijua kuliko mimi. Kufika alfajiri nikawa kwenye kraisisi, mgongo, kifua na mapaja yote mawili. Bajaji, blanketi, mama mkubwa analia, tukafika mapokezi ya dharura.

Pale ndo nikaambiwa neno ambalo sijalisahau. Mhudumu alipouliza natumia nini nikasema tramado, imeisha siku tatu, akasema kwa sauti mbele ya watu wote walio kwenye benchi, "kumbe huyu ana arosto."

Arosto. Neno la vijiweni, la vijana wa unga wakishikwa na hali ya kukosa dawa waliyoizoea. Mama mkubwa ni mzee wa kanisa, hakuwa analijua, akaniuliza maana yake tukiwa wodini na nikashindwa kumwambia.

Wakubwa zangu, naomba hapa tuelewane vizuri. Hata hao tunaowaita mateja ni wagonjwa na wanahitaji matibabu, simnyooshei mtu kidole. Lakini mwili kuzoea dawa ni jambo moja na kuifukuzia dawa ni jambo lingine. Mtu yeyote, awe mchungaji, awe mwalimu, awe nani, akitumia tramado kila siku kwa miezi mwili wake utaizoea, na ukiikata ghafla atapata kilichonipata. Tena tramado ina kazi mbili mwilini, ya kwanza inashika palepale panaposhikwa na mofini, ile dawa kali ya maumivu, ya pili inagusa zile kemikali za ubongo zinazohusika na furaha na wasiwasi, kwa hiyo ukiikata inakuchapa pande zote mbili, mwili na moyo. Ndo maana inashushwa kidogo kidogo. Hakuna aliyeniambia hivi kwa miaka mitatu. Nilijulishwa na mwili wangu mwenyewe, kwenye baridi, na ikanifikisha wodini siku sita kwenye kitanda ambacho angeweza kulala mtu mwingine.

Na hapo ndo hoja yangu ilipo. Kubadilisha dawa ya maumivu kwa mtu anayeitegemea kila siku ni matibabu kamili, kama upasuaji mdogo ulivyo matibabu. Haiwezi kuwa kitu kinachoamuliwa dirishani kwa sababu boksi limeisha.

Mimi ni fundi, ngoja niseme kwa kazi yangu. Mteja akitaka gauni la kitenge na kitenge kikakosekana, akasema basi nishonee kwa kitambaa cha jezi, siwezi kukata jezi kwa vipimo vya kitenge. Kitenge hakivutiki, jezi inavutika. Nampima upya, nabadilisha hata sindano ya cherehani. Nguo ikiharibika atalalamika atanidai hela yake. Dawa ikikosewa kipimo mgonjwa anaweza asidai kitu tena.

Wodini siku ya tatu akaja tabibu mmoja, mtu mzima, mvi nusu kichwa, ndo aliyenionyesha kwamba inawezekana. Alivuta kiti. Akauliza ulikuwa unakunywa ngapi kwa siku kweli kweli, siyo iliyoandikwa, uliyokuwa unameza. Akauliza ya kwanza saa ngapi, ya mwisho saa ngapi, inakaa muda gani kabla maumivu hayajarudi, choo kikoje, ulishawahi kuanguka kifafa, kuna dawa nyingine unakunywa ya usingizi au ya mawazo. Akaangalia majibu ya figo. Kisha akachana nusu karatasi ya daftari akapiga hesabu mbele yangu kwa sauti, na mimi nikaelewa kila mstari.

Akasema tramado hapa haipo na kwa maumivu haya nyonga pamoja na kraisisi haitoshi, tunakuhamishia kwenye mofini ya maji kwa muda. Ulikuwa unatumia miligramu 50 mara nne, hiyo ni 200 kwa siku. Kwa hesabu anayotumia yeye nguvu ya tramado ya kumeza ni kama sehemu moja ya kumi ya mofini ya kumeza, kwa hiyo 200 inakuwa 20. Lakini hatukupi 20. Mwili uliozoea dawa moja haujaizoea nyingine kwa kiasi kilekile, na figo zako zinachelewa kutoa mabaki ya mofini, tunapunguza robo, inabaki 15. Mofini ya maji inakaa kama masaa manne, siku ina masaa 24, kwa hiyo mara sita, 15 gawa kwa sita ni miligramu mbili na nusu. Maji haya yana miligramu moja kwa kila mililita, basi unavuta mililita mbili na nusu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maumivu yakitoka katikati unaongeza kiasi hichohicho na unaandika saa. (Nawaomba wasomaji wengine msiifanye hesabu hii nyumbani. Ilikuwa ya mwili wangu na figo zangu siku ile, na ilifanywa na mtu anayejua.)

Akampa mama mkubwa kazi. Usiku mwangalie anavyopumua, akisinzia mpaka haamshiki au pumzi zikawa chache mlete hapahapa hata saa nane usiku, maana mwenye selimundu akipumua kidogo oksijeni inashuka na chembe zinazidi kupinda. Akaandika dawa ya kulainisha choo palepale siku ya kwanza, hakusubiri nilalamike. Akasema rudi siku ya tatu baada ya kutoka, usisubiri mwezi. Akaandika na namba ya simu ya kliniki.

Dakika ishirini. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Dakika ishirini na nusu karatasi, na nililala usiku ule masaa sita.

Mwezi wa tisa joto liliporudi na nyonga ikapoa kidogo tulianza kushusha ile mofini, tulikuwa tunapunguza kidogo kila wiki mbili, wiki moja nilishindwa, yule tabibu akasema tusimame hapohapo mpaka utulie, tukasimama, tukaendelea. Nimerudi kwenye tramado, safari hii kiasi kidogo kuliko zamani. Hakuna miayo, hakuna kuhara, hakuna kulazwa. Mtu yuleyule, ugonjwa uleule, nyonga ileile. Tofauti ni kwamba safari moja nilibadilishiwa dawa kwa sababu stoo ni tupu na safari nyingine nilibadilishiwa na mtu aliyepima.

Ile nusu karatasi ninayo mpaka leo, nimeilaminisha. Na ndo kitu cha kwanza ninachoomba. Tupeni sisi wenye maumivu ya kudumu, wa selimundu, wa baridi yabisi, wa saratani, wa mgongo, kadi ndogo tunayotembea nayo wenyewe. Wajawazito wana kadi, watoto wana kadi za chanjo, na zimeokoa watu wengi sana bila mfumo wala umeme. Kwenye kadi yetu iandikwe dawa zote tulizowahi kutumia, kipimo cha siku nzima, iliacha kutumika lini na kwa nini. Hilo "kwa nini" msilisahau. Kalamu nyekundu ya yule mama daktari ingekuwa kwenye kadi yangu, yule kijana wa siku ile asingeandika diklofenaki, hata mfumo ungekuwa chini mwezi mzima. Na siyo figo tu. Rafiki yangu wa kliniki alikuwa ameanzishiwa amitriptilini kwa ajili ya ganzi na kuwaka miguu, sehemu nyingine kabisa, na huku anameza tramado, zikiwa pamoja zinaongeza hatari ya kuanguka degedege, na aliyegundua ni dada mmoja mfamasia wa duka la dawa aliyemuuliza swali moja tu la ziada. Angekuwa na kadi asingetegemea bahati ya kukutana na yule dada.

La pili ni dawa kukata. Najua dawa zinakata, barabara ndefu, bajeti ndogo, oda zinachelewa, siishi mawinguni. Lakini stoo haiishi siku moja. Kuna mtu anaona boksi limebaki moja. Siku hiyohiyo wagonjwa wa kliniki tunaotumia kila siku, tuna namba zetu za simu kwenye daftari lenu, tupigiwe au tutumiwe meseji, kwamba njooni wiki hii mwonane na daktari kabla haijaisha tupange. Hata ikibidi kile kidogo kilichobaki kiwekwe kwa ajili ya sisi tunaokihitaji kushuka taratibu badala ya kutolewa kwa mtu aliyetegua kifundo cha mguu ambaye panado inamtosha. Huo mpango hauhitaji hela mpya. Unahitaji mtu aambiwe ni kazi yake.

Kuhusu ulinzi wa hizi dawa, nasema wazi nawaunga mkono. Tramado mtaani imeharibu vijana, pale stendi kuna kijana wa bodaboda nilimshonea suruali za shule, saivi anameza za kuendeshea usiku kucha, inaniuma kila nikimwona. Kazeni huko. Ila mjue mkikaza bila kutuwekea sisi mlango, mnatusukuma kwa wale wale mnaowakamata. Siku ile ya tatu, na miayo yangu, kuna mtu aliniambia kuna kijana anauza kwa kificho nyuma ya soko. Sikwenda. Sikwenda kwa sababu sikuweza kutembea. Nawaambia ukweli wangu, ningeweza kutembea sijui ningefanya nini, na ningenunua vidonge nisivyojua vina nini ndani wala kipimo gani.

La tatu mofini. Nimeshakaa wodini na kusikia watu wanaogopa jina lenyewe, hata watumishi, wanasema ile ni ya watu wa saratani wanaokaribia kufa. Mgonjwa wa jirani yangu alikataa kabisa, akasema nikianza hiyo ndo mwisho wangu. Mofini ya kumeza ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ile ngazi yao ya maumivu ya mwaka 1986, inayoanza na panado na wenzake, inapanda kwenye kodeini na tramado, inaishia kwenye mofini, mpaka leo watu wanafundishwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ni kweli, ila maumivu ya selimundu nayo yanafika kwenye hiyo ngazi ya juu, na ubaya ni kwamba sisi tunapanda tunashuka, tunapanda tunashuka, kila kipupwe. Kwa hiyo tunahitaji watu wanaojua kupandisha na kushusha pia. Majirani zetu Uganda, Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 kutengeneza mofini ya maji ya bei nafuu, na mwaka 2004 nchi ile ikaruhusu manesi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Manesi. Fikirieni nesi wa kituo cha afya kule Makete au Ileje, mwenye mafunzo, mwenye chupa yake na daftari lake, aliyeruhusiwa. Mgonjwa wa Makete asingepanda gari la kuja Mbeya kwa maumivu kwenye barabara ile kufuata mililita mbili na nusu. Sisi wengine Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, tunaisikia tu, Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa.

Na kwa kuwa nipo kwenye kuomba, hidroksiyurea. Hii haitulizi maumivu, inapunguza kraisisi zisije. Kuna utafiti mkubwa ulitolewa 2019, ulifanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, watoto wa selimundu waliotumia walipata maumivu machache, malaria kidogo, na vifo vikapungua. Mwenye kuipata bila kukatikakatika anahitaji dawa chache za maumivu, hesabu hiyo hata mimi wa darasa la saba naiona. Itengenezeni njia ifike wilayani, nisiseme mengi hapo.

Pethidini, ile sindano ya maumivu, naomba niiseme ingawa siku hizi siioni sana. Nilipokuwa mtoto ndo nilikuwa nachomwa, na bado kuna mahali mtu akibadilishiwa dawa kwenye kraisisi anachomwa hiyo kwa sababu ndo iliyopo. Ikivunjwa mwilini inaacha kitu kinachotolewa na figo, kikirundikana kinaleta degedege, na sisi figo zetu mnazijua. Isitumike kama mbadala tena na tena eti kwa sababu nyingine imekata.

La mwisho ni lugha, na sijaliweka mwisho kwa kuwa ni dogo. Yule tabibu wa mvi aliniita "mwanangu". Yule wa mapokezi aliniita arosto. Wote wawili walikuwa wamechoka, ilikuwa usiku mmoja wa baridi na mwingine asubuhi ya foleni. Fundisheni watu wenu kwamba mgonjwa akitaja jina la dawa na kipimo chake haombi ulevi, anawasaidia kazi. Mimi nikitaja miligramu naonekana najua sana, nikikaa kimya napewa diklofenaki. Niambieni nifanye lipi.

Mama mkubwa alikuja kujua maana ya lile neno, sijui nani alimwambia. Hakunisema kitu. Ila toka siku hiyo kila nikienda kliniki anafuatana na mimi, miaka yake 67, anakaa kwenye benchi na kofia yake ya sufi, na nikifika dirishani anasimama nyuma yangu.

Kliniki yangu ijayo ni tarehe 19 mwezi wa sita, ambayo ndo Siku ya Selimundu Duniani, imeangukia hivyo tu. Nimeuliza dirishani wiki hii kama tramado ipo, nimeambiwa ipo ya wiki mbili. Tarehe 19 iko wiki tatu mbele. Nimeshaanza kugawa vidonge. Kama kuna yeyote kati yenu anayesoma hii na anaweza kupiga simu moja kwenye stoo, apige sasa hivi, na jibu mkilibandika kwenye ubao wa matangazo pale nje ya famasi nitaliona, huwa tunakaa benchi la pili kutoka mlangoni, mimi na mama mkubwa.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya